Sekretarieti ya Ajira na ofisi ya huduma za ajira zinatofautianaje, na je, kuna faida kufunga safari hadi Mwanza kujiandikisha?

Mtunza Jalada (Kahama)

Habari za jioni ndugu wanajukwaa, na shikamooni wote mlionitangulia kwa umri. Nina swali ambalo nimelizungusha mtaani kwa miezi kadhaa, na kila ninayemuuliza ananipa jibu lake, kwa hiyo nimeona nilete hapa.

Nilihitimu stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu Tabora mwaka 2022. Tangu wakati huo nimeomba kazi mara kumi na moja kupitia Ajira Portal, ule mfumo wa mtandaoni wa Sekretarieti ya Ajira, karibu zote zikiwa nafasi za Msaidizi wa Kumbukumbu Daraja la II. Nimeitwa kwenye usaili mara mbili tu. Mara ya kwanza niliishia kwenye mchujo wa kuandika. Mara ya pili nilipata alama 61, na walioitwa kwenye mahojiano walianzia alama 68. Matangazo ya kuitwa kwenye usaili husema kwamba kila msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi, na kwa upande wangu anayegharamia yote hayo ni mama, ambaye anauza dagaa sokoni.

Wiki iliyopita mtu mmoja mwenye kiofisi cha uwakala hapa mjini aliniambia kwamba kuna ofisi nyingine ya serikali inayotafutia watu kazi, iko Mwanza, na kwamba nikimlipa shilingi 30,000 za fomu ataniingiza kwenye orodha yao. Aliponiona nasita alishuka hadi 20,000. Nilipomsimulia mama, aliuliza kama ni fomu ya serikali, imekuwaje bei yake inashuka kama ya dagaa wa jioni.

Ninachoomba kufahamu ni hiki: ofisi hiyo ipo kweli, au ndiyo Sekretarieti ya Ajira kwa jina jingine? Na kama ipo, je, kujiandikisha kunamsaidia mtu mwenye stashahada kama mimi, au nitakuwa nimeongeza foleni moja juu ya nyingine? Nauli ya kwenda na kurudi pamoja na chakula haipungui 30,000 ileile, ndiyo maana nauliza kabla sijamwomba mama.

Bi Masijala (Dodoma)

Marahaba mdogo wangu. Mimi nipo kwenye fani hiyohiyo yako, na niliingia kazini kupitia mlango huohuo unaougonga, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu kidogo.

Hizo ni taasisi mbili tofauti. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma imeundwa chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002, kwa marekebisho ya mwaka 2007, na kazi yake ni kuwatafutia waajiri wa serikali watu wa kujaza nafasi walizopewa kibali. Inatangaza, inachuja, inasaili, kisha inampangia mwajiri watu wake. Sisi waombaji huiona kama ofisi ya kututafutia kazi, ilhali mteja wake hasa ni yule mwajiri. Ukilielewa hilo, hutakaa ukisubiri ikupigie simu kukuuliza unaendeleaje.

Ofisi ya pili ndiyo iliyojulikana kwa miaka mingi kwa jina la TaESA, Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, iliyoanza mwaka 2008 chini ya Sheria ya Kukuza Huduma za Ajira ya mwaka 1999, na ambayo sasa inaendeshwa kama kitengo cha serikali chini ya wenye dhamana ya kazi na ajira. Hiyo ndiyo inayomwandikisha mtafuta kazi, inampa ushauri, inamfundisha kuandika wasifu na kujibu maswali ya usaili, inamuunganisha na waajiri wakiwemo wa sekta binafsi, na inawapeleka wahitimu kwenye mafunzo ya uzoefu kazini. Kujiandikisha ni bure, na unaweza kuanza kwa mtandao bila kupanda basi. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 88 wa mwaka 1948 unaelekeza kwamba huduma ya umma ya ajira itolewe bila malipo, na ule wa namba 181 wa mwaka 1997 unawazuia hata mawakala binafsi kumtoza mtafuta kazi, isipokuwa kwa hali maalumu zilizoruhusiwa. Kwa hiyo huyo bwana anakuuzia mlango ambao haukufungwa. Mwache na fomu yake.

Sasa nirudi kwenye maombi yako kumi na moja, kwa sababu naona hapo pana jambo. Kuitwa mara mbili kati ya kumi na moja kwa mtu mwenye sifa kamili ni kidogo mno, na mara nyingi kinachomwangusha mtu huwa ni karatasi kabla hata hajafika kwenye mtihani. Angalia mambo haya. Je, umeweka vyeti vyenyewe, au uliweka hati ya matokeo ya kidato cha nne na matokeo ya muda ya chuo? Matangazo yote yanasema hati hizo hazikubaliwi, na watu bado wanaziweka. Je, barua yako ya maombi ina sahihi, au ulichapa jina lako chini ukaona inatosha? Je, vyeti vina muhuri wa mwanasheria? Je, majina yako ya cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na ya kitambulisho cha taifa (NIDA) yanafanana herufi kwa herufi? Mwenzangu mmoja aliitwa Anna huku na Ana kule, na alirudishwa mlangoni siku ya usaili akiwa na vyeti vyake vyote mkononi, kwa sababu hakuwa na hati iliyosajiliwa ya kuthibitisha kuwa huyo ni mtu mmoja.

Usione ukali huo ni kiburi cha makarani. Kumbuka Aprili 2017, Rais Magufuli alipokabidhiwa pale Dodoma orodha ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Baada ya tukio kama hilo hakuna anayetaka kuwa ofisa aliyempitisha mtu mwenye karatasi yenye walakini, na anayeumia ni mwenye karatasi halali ambaye hakuzipanga vizuri.

Jambo la mwisho ni makazi. Usaili wa kuandika siku hizi hufanyika mikoani, na kituo hupangwa kwa kufuata mkoa uliojaza kwenye akaunti. Ulijaza lini, na ulikuwa wapi?

Msema Kweli wa Urambo

Mnamfariji bure huyu dada. Mwaka 2014 Uhamiaji walihitaji watu 70, wakajitokeza zaidi ya 10,000 pale Uwanja wa Taifa, wakasailiwa wamekaa majukwaani kama watazamaji wa mpira. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato (TRA) walitangaza nafasi 1,596 na wakapokea maombi zaidi ya 135,000. Katika msongamano wa namna hiyo anayepita ni mwenye mjomba. Tusidanganyane na mihuri ya wanasheria.

Bi Masijala (Dodoma)

Ndugu yangu wa Urambo, takwimu zako ni za kweli, lakini mimi sina mjomba. Baba yangu alikuwa mlinzi wa shule. Nilifaulu mahojiano, nikakosa nafasi, jina langu likawekwa kwenye kanzidata, na baada ya miezi saba nikaliona kwenye tangazo la kuitwa kazini kwenye halmashauri ambayo sikuwahi kuiomba. Sikatai kwamba kujuana kupo. Nakataa kumshauri mtu aache kupanga vyeti vyake kwa sababu hiyo.

Karani wa Pamba (Shinyanga)

Naomba nichangie kutoka upande ambao hamjaugusa, yaani upande wa anayeajiri. Nimekuwa ofisa rasilimali watu kwenye kiwanda cha kuchambua pamba kwa miaka tisa, na nitasema jambo ambalo halitupi sifa: katika miaka yote hiyo nimepeleka nafasi kwenye ofisi ya huduma za ajira ya serikali mara moja tu.

Nieleze inavyokuwa. Msimu unapofunguliwa, pamba inaanza kuingia kwa malori na meneja anahitaji watu kesho asubuhi. Nikitoka ofisini namkuta msimamizi wa mizani ameshaleta karatasi iliyokunjwa mara nne, ina majina kumi na mawili na namba za simu, nusu yao ni watu wa kijijini kwake. Ninawafahamu wanne kati yao, kwa sababu walifanya kazi msimu uliopita. Wanane waliobaki anawadhamini yeye, na yeye ndiye nitakayemuuliza mtu akiiba au akilewa. Kwa nini niandike barua Mwanza na kusubiri? Hata karani wetu wa kumbukumbu alipatikana hivyohivyo: alikuja kufanya mazoezi ya vitendo akiwa chuoni, akapanga majalada ya mikataba ya wakulima ambayo yalikuwa yamelala kwenye maboksi tangu enzi za mtangulizi wangu, na alipomaliza chuo tukampigia simu. Hakukuwa na tangazo.

Kwa hiyo, mdogo wangu, anachokosa mtu kama wewe mara nyingi si taarifa ya kazi, kwa sababu kazi yenyewe haikuwahi kutangazwa. Unakosa mtu wa ndani anayeweza kusema, "huyu nimemwona akifanya kazi." Ndiyo maana katika huduma zote za ofisi ile, ninayoiona ina uzito ni ile ya kumpeleka mhitimu kwenye mafunzo ya uzoefu kazini, hata kama posho yake ni ndogo. Ile mara moja niliyopeleka nafasi, niliomba vijana wawili wa mafunzo, nikaletewa wawili, na mmoja yupo hadi leo kwenye ghala letu kama mtunza bohari. Orodha ya watu wenye vyeti ningeipata popote. Nilichopewa ni nafasi ya kumtazama mtu kwa miezi sita bila kujifunga.

Nikiwa wewe, nisingeenda Mwanza kuandikisha jina tu, kwa kuwa jina unaweza kuliandikisha ukiwa Kahama. Ningekwenda nikiwa na ombi mahususi: nipelekwe mafunzo ya vitendo kwenye masijala, yaani ofisi ya majalada, au ghala la nyaraka, nipo tayari kwenda mkoa wowote wa Kanda ya Ziwa, vyeti vyangu hivi hapa. Ofisa wa ajira anayeletewa ombi la namna hiyo ana kitu cha kushika, tofauti na anayeambiwa "kazi yoyote." Nakuhakikishia kwamba "kazi yoyote" ndiyo sentensi inayoandikwa zaidi kwenye barua ninazopokea, na ndiyo inayonifanya nigeuze ukurasa.

Na usisahau palipo karibu nawe. Kahama ni mji wa madini, na kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta hiyo zinawataka wenye leseni na wakandarasi wao kuwa na mipango ya kuajiri Watanzania na kununua huduma kwa Watanzania. Makampuni yanayopeleka chakula, ulinzi na usafiri migodini yanatakiwa kuonyesha kumbukumbu zake zikiwa zimepangwa, na mengi hayana mtu aliyesomea kupanga. Hawatatangaza, kwa sababu hata hawajui kwamba kuna fani inayoitwa utunzaji wa kumbukumbu. Itabidi uwaambie wewe.

Mzee wa Ilala

Vijana wangu, nimesoma na nimefurahi kwamba hakuna matusi. Niruhusuni niseme kidogo juu ya tulikotoka, kwa sababu naona mnailaumu ofisi ile bila kujua ilizaliwa katika hali gani.

Mimi nilimaliza Chuo Kikuu pale Mlimani mwaka 1979. Barua ya kupangiwa kazi niliipata kabla sijafunga sanduku langu. Serikali ndiyo iliyokuwa imenisomesha, ndiyo iliyokuwa inajua inanihitaji wapi, na kama hukupapenda ulipopangiwa, hilo lilikuwa lako. Ofisi ya kuunganisha watafuta kazi na waajiri ingefanya nini wakati mwajiri ni mmoja na orodha anayo yeye mwenyewe? Kwa asiyesoma mambo yalikuwa mengine. Ilipokuja Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, hapa Dar es Salaam mtu asiye na kitambulisho cha kazi alikamatwa barabarani na kupakiwa kwenye lori kurudishwa kijijini. Jirani yangu alikuwa fundi viatu, tena fundi mzuri, akakamatwa na gundi mkononi kwa sababu hakuwa na karatasi ya kuthibitisha kwamba ile ni kazi. Kwa rika langu, neno "ofisa kazi" lilimaanisha mtu wa kukimbia.

Kisha yakaja mageuzi ya miaka ya 1990. Mashirika ya umma yakabinafsishwa, watu wakapunguzwa kazini, na yule mwajiri mmoja akawa waajiri wengi wadogo wasiojuana, wengi wao bila hata kibao mlangoni. Hapo ndipo kazi ya kuunganisha ilipoanza kuwa na maana, na hapo ndipo tuliposikia habari za kituo cha kuunganisha wafanyakazi na waajiri kilichofunguliwa hapa Dar es Salaam mwaka 2001, kabla ya TaESA. Lakini waajiri wale wadogo, kama alivyosema huyu bwana wa pamba, walikuwa wameshajizoesha karatasi iliyokunjwa mara nne. Ofisi ilianzishwa ikiwa na watafuta kazi wengi upande mmoja na upande wa pili ikabidi ianze kubisha hodi, kiwanda kwa kiwanda, ikiwa na maofisa wachache na gari moja. Mizani ya namna hiyo haiwezi kusimama sawa hata ungeweka malaika ofisini.

Kwa hiyo nikiulizwa kinachotakiwa, nitasema ofisi zile ziache kujisifu kwa idadi ya walioandikishwa, zihesabu nafasi zilizoletwa na waajiri. Mtu wa pamba ameleta mara moja kwa miaka tisa, naye ni mtu muungwana aliyesoma. Muulizeni mwenye karakana ya Gerezani.

Karani wa Pamba (Shinyanga)

Shikamoo mzee. Nimeinamisha kichwa. Msimu ujao nitapeleka.

Mtunza Jalada (Kahama)

Nawashukuru sana wote. Yule wakala nimemwambia kwamba nitajiandikisha mwenyewe, akanijibu kuwa watu wa namna yangu ndio wanaozeeka nyumbani. Sikubishana naye.

Dada Bi Masijala, nimefanya ulivyosema, na nimeona aibu. Akaunti yangu nilifunguliwa mwaka 2022 na kijana wa steshenari moja jirani na chuo, kwa shilingi 5,000, na nilikuwa nikituma maombi yangu kupitia kwake kwa simu. Leo nilipojaribu kuingia mwenyewe nimegundua kwamba baruapepe aliyoiweka ni ya kwake. Nimepiga simu, steshenari imefungwa na kijana amehamia Kigoma, ila amekubali kunisomea kinachoonekana. Mkoa wa makazi umeandikwa Tabora. Cheti cha kidato cha nne kilichowekwa ni picha iliyokatwa, jina la mwisho halionekani. Barua ya maombi ni ileile moja kwa kazi zote kumi na moja, na haina sahihi. Nilikuwa nikilia kwamba sipendwi, kumbe niliyekuwa nikimtuma kuniombea alikuwa ananikata jina.

Swali langu la mwisho: je, nifungue akaunti mpya kwa baruapepe yangu, au nifanye nini? Alhamisi ninakwenda Mwanza na ombi la mafunzo kama nilivyoelekezwa, mama amekubali.

Bi Masijala (Dodoma)

Usifungue mpya. Namba yako ya NIDA imeshafungwa kwenye akaunti ile, na jaribio la pili litakukwamisha. Mwombe huyo kijana abadilishe neno la siri leo, akutumie, kisha wewe uingie na kubadilisha baruapepe na namba ya simu ziwe zako. Akikataa au mfumo ukigoma, wapigie Sekretarieti wenyewe kwenye namba za msaada zilizo kwenye tovuti yao, uwe na namba ya NIDA mkononi, nao watakuongoza.

Ukishaingia, anza na mkoa, kisha cheti kile kilichokatwa: kipige kwa mashine ya kunakili, si kwa simu, na pembe zote nne zionekane. Barua iandike upya kwa kila nafasi, utaje kazi yenyewe na mwajiri wake. Katika mtihani wa kuandika wanapenda kuuliza mwenendo wa jalada tangu barua inapofika masijala, inaposajiliwa na kupewa folio (namba yake ndani ya jalada), hadi dokezo la ofisa linaporudi. Vitu hivyo ulivisoma, lakini miaka mitatu ni mingi, fungua madaftari yako. Na siku ukiitwa, nakili namba ya usaili kutoka kwenye akaunti kabla hujaondoka nyumbani, kwa sababu pale mlangoni hawaitoi.